Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: wagonjwa wa homa ya ini C tuhesabiwe kuwa sehemu ya tiba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa, na Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Tanga, niliyeishi na virusi vya homa ya ini aina ya C kwa miaka nisiyoweza kuihesabu kwa uhakika, na niliyepona mwaka 2021. Naandika kwa niaba yangu na kwa idhini ya wenzangu 11 tunaokutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na ombi letu kubwa ni moja: mgonjwa anayemsaidia mgonjwa mwenzake atambuliwe rasmi katika huduma za ugonjwa huu, apewe mafunzo, kitambulisho na nafasi ndani ya kituo cha afya, kama walivyotambuliwa wenzetu wanaoishi na VVU. Vipimo na dawa nitavitaja pia, kwa sababu haviachani na ombi hilo.

Nilijua hali yangu mwaka 2019, nikiwa na miaka 54, baada ya kwenda kumchangia damu binti wa dada yangu aliyekuwa akisubiri upasuaji. Baada ya siku kadhaa niliitwa. Mtumishi niliyemkuta alikuwa na foleni ndefu mlangoni, na sina sababu ya kuamini kwamba alinitakia mabaya, lakini yote aliyoniambia, nikiwa nimesimama kwenye ujia huku watu wakipita, yalikuwa mawili: kwamba nina homa ya ini, na kwamba nisichangie damu tena. Sikuambiwa ni homa ya ini ya aina gani. Sikuambiwa kwamba kipimo kile kilikuwa kimeona kingamwili tu, yaani alama kwamba mwili umewahi kukutana na virusi, wala kwamba takriban watu 3 kati ya 10 wanaoambukizwa virusi hivi huvishinda wenyewe bila dawa yoyote, na kwa hiyo ni lazima kifanyike kipimo cha pili, cha kutafuta virusi vyenyewe, kabla ya mtu kuambiwa kwamba anaumwa. Nilirudi nyumbani nikijiona maiti inayotembea.

Nilitenga kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu kabla ya mtu yeyote nyumbani kunitaka nifanye hivyo. Niliacha kumbeba mjukuu wangu, na binti yangu alipouliza sababu nilimwambia kwamba mgongo unauma. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri nikachanjwe kwa kuwa alikuwa amesikia redioni kwamba homa ya ini ina chanjo. Nikaenda, nikalipa, nikachanjwa, nikarudi nikiamini kwamba nimejitibu, ilhali chanjo ile ni ya aina ya B, na aina ya C haina chanjo mpaka leo. Chanjo hiyo ya B ina manufaa yake hata kwa mtu mwenye C, lakini hakuna aliyeniambia kwamba haitagusa kile nilichokuwa nacho. Kisha nikanywa mizizi iliyochemshwa, asubuhi na jioni, kwa miezi 3, nikilibebesha ini lililokwisha kuchoka kitu ambacho hakuna aliyekipima. Haya yote yalichukua miezi 7, na katika miezi hiyo 7 sikuzungumza na mtu hata mmoja mwenye ugonjwa kama wangu, kwa sababu sikujua kama yupo.

Nilimpata hatimaye katika benchi la maabara moja Dar es Salaam, nilikosafiri takriban kilomita 350 kwa basi kufuata kile kipimo cha pili. Aliketi pembeni yangu kijana mwembamba, akaniamkia, nikamwitikia. Baada ya kimya kirefu aliangalia karatasi niliyoishika akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na wewe ni C?" Alinieleza kwamba alikuwa ametumia heroini kwa miaka mingi, kwamba sasa anakunywa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, kila asubuhi, na kwamba virusi alivipata kwa kushirikiana mabomba ya sindano. Nakiri mbele yenu, Waheshimiwa, kwamba kama ningekutana na kijana yule barabarani mwaka mmoja kabla ya siku ile, ningeubana mkoba wangu kwapani na kuvuka upande wa pili. Siku ile alinifundisha. Alinieleza kwamba C haiambukizwi kwa kikombe, wala kwa chakula, wala kwa kukumbatiana, wala kwa kumbeba mtoto. Kwamba inapita kwenye damu, kwa sindano na nyembe zinazoshirikiwa, kwa vifaa vya hospitali visivyotakaswa vizuri, kwa damu isiyopimwa. Kwamba zipo dawa za vidonge, mara moja kwa siku kwa wiki 12, ambazo huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya kila 100. Neno "huponya" nilimwomba alirudie.

Kisha akaniuliza kama nimewahi kutiwa damu. Ndipo nilipokumbuka usiku wa mwaka 1991, nilipojifungua mtoto wangu wa tatu na damu ikakataa kukoma. Virusi hivi vilikuwa vimetambuliwa na wanasayansi mwaka 1989, miaka 2 tu kabla ya usiku ule, na Mpango wetu wa Taifa wa Damu Salama ulikuja kuanzishwa mwaka 2004. Siwezi kuthibitisha kwamba ndiko vilikotoka, na simlaumu yeyote aliyekuwa zamu usiku ule, kwa kuwa bila damu ile mwanangu angelelewa na watu wengine. Lakini kujua kwamba huenda nilipata ugonjwa katika kuokolewa kuliniondolea aibu niliyokuwa nimeibeba bila kosa, na aliyenitua mzigo huo ni mtu ambaye jamii humwita teja.

Nawaomba mzingatie alikoyapata maarifa yale. Aliyapata kwa mwelimishaji rika katika kliniki ya methadoni. Tangu kliniki ya kwanza ya aina hiyo ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, huduma hiyo imefanya kazi bega kwa bega na watu waliopitia uraibu wenyewe, ambao huwafuata wenzao maskani na kuwaleta. Kijana yule alikuwa na mtu wa kumweleza, na mimi, mwalimu mwenye cheti na familia inayoheshimika, sikuwa naye. Mtu anayepata virusi hivi kwa kutiwa damu, kwa kusafishwa figo au kwa kuchomwa sindano kazini hana maskani ya kufuatwa wala kliniki ya kumkusanya na wenzake. Huumia peke yake chumbani, na mara nyingi hata yeye hajui, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kukaa miaka 20 au 30 bila dalili yoyote zaidi ya uchovu ambao usingizi hauumalizi.

Dawa zangu, sofosbuviri na daklatasviri, nilizinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu nilichokuwa nimekitenga kwa ajili ya kuezeka nyumba. Nilizianza Machi 2021, na katikati ya dozi ukaingia mwezi wa Ramadhani. Nilikusudia kusimamisha dawa mpaka Idi, kwa kudhani kwamba haziwezi kwenda pamoja na kufunga, na sikumwambia daktari kwa sababu nilijua miadi yangu iko mbali. Nilimtajia tu mama mmoja aliyekuwa amemaliza dozi yake, niliyeunganishwa naye na kijana yule. Alinikataza kwa ukali wa dada, akaniambia nimpigie simu daktari siku ileile, na jibu la daktari likawa jepesi: kidonge ni kimoja kwa siku, kinaweza kunywewa daku, ukiwa umekula au hujala, ilimradi saa isibadilike ovyo. Nilikinywa daku siku zote za mwezi ule, naye alinipigia simu kila alfajiri. Septemba mwaka huohuo, wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, kipimo hakikuona virusi katika damu yangu. Kwa hiyo ninapowaambia kwamba mgonjwa mwenzangu ni sehemu ya tiba yangu, nasema jambo lililotokea, lenye tarehe na saa.

Kikundi chetu tulikianza baada ya hapo, tukiwa 6, katika darasa ambalo mwalimu mkuu mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, anatuazima. Leo tuko 12: yupo dereva wa bodaboda, yupo mama lishe, wapo wawili wanaotumia methadoni, yupo muuguzi aliyechomwa na sindano akiwa kazini, yupo baba anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo. Tunachangishana nauli za kwenda maabara. Hatumwachi mtu akachukue majibu peke yake. Anayeanza dozi hupewa mwenzake mmoja wa kumpigia simu kila siku, na jina la kila dawa nyingine anayoitumia huandikwa katika daftari ili alipeleke kwa daktari, kwa sababu tulijifunza kwamba baadhi ya dawa hazipatani na hizi zetu, na rifampisini inayotumika kutibu kifua kikuu ni mojawapo. Hatutoi dawa wala hatumzuii mtu kwenda hospitali. Tunafanya ile kazi ambayo daktari mwenye wagonjwa 60 mlangoni hawezi kuifanya, hata akiwa na moyo wa malaika.

Mwaka 2022 tulimzika mwenzetu, fundi seremala. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji na macho yalikuwa ya njano, na mtaani walisema amerogwa na mtu aliyegombana naye kuhusu kiwanja. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa kimefanyika miaka 4 kabla ya hapo, na karatasi yake tuliikuta katika sanduku la vifaa vyake vya kazi, imekunjwa vizuri. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba karatasi ile ilikuwa inadai kipimo kingine. Alitufikia ini likiwa limekwisha kusinyaa, na hakukuwa na la kufanya zaidi ya kukaa naye. Mjane wake ndiye anayetupikia chai tunapokutana, na yeye ndiye aliyeniambia niandike barua hii.

Waheshimiwa, nchi yetu inajua kufanya jambo ninaloliomba, kwa kuwa ilikwisha kulifanya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na wengi wetu tunakumbuka miaka ambayo mgonjwa alilishwa kwa kijiti kirefu kama mnyama. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 hazikuingia katika vituo peke yake: kadiri huduma zilivyoenea, WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU waliofundishwa kuwashauri wenzao, waliingia humo, wakapewa meza na kiti, wakakaa na mtu aliyepokea majibu muda uleule, wakamfuata nyumbani alipokosa miadi, na konga za WAVIU, yaani mitandao ya vikundi vyao, zikapata sauti mbele ya halmashauri. Sisi wa homa ya ini C hatuna konga wala mshauri. Na ajabu ni kwamba ugonjwa wetu ndio unaopona kabisa, tena kwa wiki 12.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu milioni 50 duniani walikuwa wanaishi na virusi hivi mwaka 2022, kwamba ni asilimia 36 tu kati yao waliokuwa wamepimwa na kujua, na asilimia 20 tu waliokuwa wamepata dawa. Na kwamba mwaka huo vilitokea vifo takriban 242,000 vilivyotokana navyo. Shirika hilohilo limetaja bei ya dola 60 za Marekani kwa dozi nzima ya wiki 12 kuwa ndiyo bei ya kulinganishia duniani kwa dawa hizi zinazotengenezwa kwa leseni. Dawa ya sofosbuviri ilipoingia sokoni Marekani mwishoni mwa mwaka 2013 iliuzwa dola 84,000 kwa dozi, na mtu aliyesema wakati ule kwamba Tanzania haiwezi alikuwa na hoja. Hoja hiyo imekwisha. Namwomba Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa aagize dawa hizi kwa wingi na kwa bei hiyo, ili mgonjwa asilazimike kuzitafuta kupitia kwa jamaa walio nje au katika maduka yanayopanga bei kadiri yanavyomwona mtu, na nawaomba mlio na sauti katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 mhakikishe kwamba kitita cha bima kinavijumuisha vipimo vyote viwili pamoja na dozi.

Kuhusu kipimo cha pili, sihitaji kuomba mashine mpya. Mashine za GeneXpert, ambazo tayari zimo katika hospitali zetu kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza pia kupima wingi wa virusi vya homa ya ini C zikiwekewa kasha lenye kemikali za kipimo hicho, na uwezo huo umethibitishwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017. Kinachokosekana ni kasha, na maelekezo kwamba mashine itumike hivyo. Tangu mwaka 2022 shirika hilo limependekeza pia kwamba vipimo na dawa hizi vitolewe katika vituo vya ngazi ya chini, na kwa mikono ya madaktari wasio mabingwa na wauguzi waliofundishwa. Mgonjwa wa Tanga, Kigoma au Newala asilazimike kupanda basi kutwa nzima ili aambiwe kama kweli anaumwa.

Najua nitajibiwa kwamba homa ya ini B ndiyo yenye watu wengi zaidi hapa kwetu. Ni kweli, na wenye B wanateseka na mkanganyiko uleule, kwa upande mwingine: wao huahidiwa kupona kwa sababu mtu fulani wa C alipona, ilhali dawa zao huvidhibiti virusi, na wengi wao huzitumia kwa miaka. Mgonjwa mshauri aliyefundishwa vizuri anaweza kuwahudumia wa B na wa C, na kila mmoja akaondoka akijua yake ni ipi. Ningefurahi kama matangazo ya Wizara, hasa yale ya Siku ya Homa ya Ini Duniani kila tarehe 28 Julai, yangeacha kusema "homa ya ini" bila herufi.

Mfano uko kwa majirani. Rwanda ilizindua mwishoni mwa mwaka 2018 mpango wa miaka 5 wa kuitokomeza homa ya ini C, ikawafuata watu vijijini kuwapima, na ikatoa dawa kupitia mfumo wake wa kawaida wa afya. Misri ilikuwa na mzigo mzito kuliko karibu nchi zote duniani, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilitokana na kampeni ya kutibu kichocho kwa sindano, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, ambapo sindano zilirudiwa kwa watu wengi bila kutakaswa ipasavyo. Nchi hiyo haikuificha historia hiyo. Kuanzia Oktoba 2018 iliwapima makumi ya mamilioni ya raia wake, ikawatibu waliokutwa na virusi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa imefika ngazi ya dhahabu katika njia ya kuutokomeza ugonjwa. Mgonjwa wa Misri hakuulizwa alipataje, na hilo ndilo ninalolitaka hapa. Wenzetu wanaotumia dawa za kulevya wasisubirishwe waache kwanza ndipo watibiwe, kwa sababu anayetibiwa akapona haambukizi mwingine. Na kwa kuwa kupona hakumkingi mtu asiambukizwe tena, sindano safi na methadoni ziendelee kuwafikia.

Julai 2024 kiliidhinishwa kimataifa kipimo cha kwanza cha mtu kujipima mwenyewe kingamwili za homa ya ini C. Nakipokea kwa furaha na kwa hofu. Kikifika nchini bila mtu wa kumweleza aliyejipima kwamba hayo ni majibu ya kwanza tu, kila chumba cha kulala kitakuwa ule ujia niliosimama mimi mwaka 2019.

Kwa hiyo tunaomba, kabla ya bajeti ijayo ya afya kusomwa bungeni, Wizara itoe mwongozo unaomtambua mgonjwa mshauri wa homa ya ini katika kila hospitali ya mkoa, ukieleza mafunzo yake, posho yake, kiapo chake cha kutunza siri za wagonjwa, na mtumishi wa afya atakayemsimamia. Tuko tayari kuwa wa kwanza kufundishwa na wa kwanza kukaguliwa. Muuguzi aliye kati yetu ameandaa rasimu ya kurasa 9 ya mafunzo hayo kwa lugha nyepesi, na tutaiwasilisha kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wetu pamoja na nakala ya barua hii.

Katika kikundi chetu wamebaki watu 3 wenye majibu ya kipimo cha kwanza ambao hawajapata cha pili. Mmoja wao, mama wa watoto wawili, anasubiri kwa mwezi wa 14 sasa, na bado anaosha kikombe chake peke yake, mbali na vya wenzake, ingawa tumekwisha kumweleza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya wagonjwa na waliopona homa ya ini C, Tanga